Mshale Ukishuka

Mpanda,
11 Mei 1996

Dada Christina,

Shikamoo. Dawa ulizompa kondakta wa basi zimenifikia salama. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa Mpanda hakuna mwingine anayejua kwamba nina presha, na naomba ibaki hivyo hata ukimwandikia Mama.

Tangu daktari aliponiambia mwezi wa pili kwamba nikiendelea na mwili ule nitamfuata Baba, sijatulia. Siku Baba alipoanguka wewe ulikuwa chuo cha uuguzi. Mimi nilikuwa mbele yake. Alikuwa anapuliza chai. Alikuwa na mwili kama wangu, na kila aliyepita alikuwa akimsifu.

Kwa hiyo nimefanya jambo utakalolicheka. Nanyanyua vyuma. Yupo fundi magari mmoja Msukuma, anaitwa Malale, ana uwanja nyuma ya gereji yake hapa mtaa wa Kashaulili. Chuma chenyewe ni ekseli ya trela, pande zote mbili amechomelea giya za trekta. Sisi tunaoanza tunapewa makopo ya maziwa yaliyojazwa saruji. Siku ya kwanza nilinyanyua kidogo nikakaa chini kwenye vumbi, naye akanitazama akasema, "Karani, mwili wako ni mkubwa lakini hauna mwenyewe. Tumtafute."

Kila Jumamosi, wapagazi wakishaondoka, napanda kwenye mizani ya ghala, ile tunayopimia marobota ya tumbaku. Nilianza na kilo tisini na nane. Leo mshale umesimama kwenye themanini na tisa. Ningepaswa kufurahi. Lakini unajua mtu akipungua siku hizi watu wanasema nini. Mkanda wangu nimeutoboa tundu jipya kwa msumari, na nikitembea mjini nahisi kama kila mtu analiona lile tundu.

Regina sijamwambia. Ulikuwepo siku ya posa, ulimsikia baba yake, Mzee Agustino, akisema, "Kijana ana mwili. Anakotoka hawajui njaa." Alinipa binti yake kwa kilo zile, Dada. Nitamwambiaje kwamba zilikuwa ugonjwa?

Mdogo wako,
Venansi


Mpanda,
19 Mei 1996

Regina wangu,

Mvua zimekata na malori ya Karema yameanza kupita tena, kwa hiyo natumaini barua hii haitalala njiani kama ile ya Machi. Watoto wa darasa la tatu wanakusumbua bado? Mwambie Mzee nimepokea salamu zake.

Soko la tumbaku limefunguliwa. Tunapima tangu asubuhi hadi jua linapozama, na wakulima wanabishana juu ya kila daraja tunalowapa, ndiyo maana naandika kwa kuchelewa. Mimi ni mzima kabisa. Nakula vizuri. Mama Tereza wa mgahawani ananiwekea ugali hadi naona haya.

Nilimwona Baba Mdogo wako Makarius sokoni akishusha samaki wake, migebuka. Nilimpungia mkono. Nadhani hakuniona, watu walikuwa wengi.

Naikumbuka Krismasi.

Wako,
Venansi


Karema,
2 Juni 1996

Venansi,

Baba Mdogo alikuona. Anasema alikutazama hadi ukampungia ndipo akajua ni wewe, na akashindwa kuja kukusalimia kwa sababu hakujua uso wake ungefanya nini. Amesema haya mbele ya Baba wakati tunakula. Baba aliacha chakula.

Nijibu bila kupamba. Je, unapata homa jioni? Unakohoa? Tumbo likoje? Una vidonda mdomoni? Na kupungua huku kumeanza lini, kabla ya Krismasi au baada yake?

Hilo la mwisho nijibu kwanza.

Regina


Mpanda,
9 Juni 1996

Dada,

Nakutumia maneno ya Regina kama alivyoyaandika, uone mwenyewe. Ananihoji kama polisi. Hakuna hata neno moja la mapenzi ndani yake. Ameshanihukumu.

Na hapa mambo yamekuwa mabaya. Yotham, yule mpanga marobota, alirudi Jumamosi kuchukua koti lake akanikuta nimesimama juu ya mizani bila viatu. Alichukua koti akaondoka. Jumatatu nilipoingia ghalani akaita mbele ya wapagazi wote, "Karani, leo tukupe daraja gani? Jani lako naona limekauka!" Walicheka sana. Nami nilicheka. Baadaye mmoja wao, mtu mzima, alinifuata pembeni akaniambia kwa upole kwamba yupo mganga kule Kasansa.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilipokuwa chuoni Tabora nilikuwa na msichana, Monika. Tuliachana vizuri. Mwaka juzi nilisikia amefariki, wakasema ni kifua. Sikuuliza zaidi. Niliogopa kuuliza.

Unaona jinsi nilivyobanwa? Mshale ukipanda, naona kikombe cha chai cha Baba. Mshale ukishuka, namwona Monika. Kila Jumamosi napanda pale bila kujua naomba nini. Jana ulikuwa themanini na nne. Malale ananipigapiga mgongoni, anasema vyuma vinafanya kazi. Lakini kama si vyuma? Nitajuaje ni kipi kinachonila?

Niambie nifanye nini. Vyuma nimeviacha wiki hii. Nakula mara nne.

Venansi


Sumbawanga,
20 Juni 1996

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa zamu, nikaikunja kwa hasira, kisha nikaikunjua.

Mosi, rudi kwenye vyuma. Usibane pumzi unaponyanyua, hiyo ndiyo inayopandisha presha. Toa pumzi unapoinua mzigo. Chumvi acha. Na huko kula mara nne kwa sababu ya mdomo wa Yotham, acha leo hii.

Halafu hiyo mizani. Imetengenezwa kwa ajili ya tumbaku. Inajua uzito tu, haijui kama kilichopungua ni mafuta au nyama. Mwili unaojengwa na mwili unaobomoka vyote vinaweza kupungua kilo zilezile. Chukua kamba, jizungushe kiunoni, kifuani na kwenye mkono wa juu, ufunge mafundo, urudie baada ya mwezi. Kiuno kikirudi nyuma na mkono ukijaa, hakuna maradhi ninayoyajua mimi yanayofanya hivyo. Angalia pia ni mzigo gani unaouweza leo ambao Machi ulikushinda. Mgonjwa haongezeki nguvu, Venansi.

Lakini kamba nayo haipimi damu. Kuhusu Monika, nenda hospitali ukapime. Nimewaona wanene wakiwa na ugonjwa ule na wembamba wakiwa hawana. Hakuna atakayekuambia kwa kukutazama usoni, si mimi, si Malale, si huyo mvuvi wa migebuka.

Na Regina mwambie. Presha, vyuma, Monika, yote. Maswali yale unayaona ya kipolisi. Mimi nayasoma naona mtu anayetetemeka.

Dada yako,
Christina


Mpanda,
30 Juni 1996

Mpendwa Regina,

Nisamehe kwa kuchelewa. Umenitia wasiwasi bure, na Mzee pia. Ilikuwa malaria, ile mbaya, imenikamata mwezi wa nne, baada ya Pasaka. Sikutaka kukuandikia habari za vidonge na kutapika. Sasa nimepona na mwili unarudi kwa kasi. Baba Mdogo akija tena na samaki, apite ghalani anione kwa macho yake. Nitafurahi sana.

Wako daima,
Venansi


Karema,
14 Julai 1996

Venansi,

Baba Mdogo alipita, kama ulivyomkaribisha.

Anasema alikukuta umenona kifuani kama njiwa, akafurahi, akakukumbatia. Ilikuwa kama kukumbatia godoro. Akashika kola yako, akaona sweta. Chini ya sweta akaona sweta lingine. Saa saba mchana, Venansi, Mpanda, ndani ya ghala la bati! Jasho linakutiririka hadi kidevuni, nawe unamwambia ni furaha ya kumwona mkwe.

Kichekesho gani hiki? Nani alikushauri? Mtu mwenye afya anaficha nini chini ya masweta mawili? Baba Mdogo alipofika nyumbani alingoja hadi Mama alipotoka. Kisha akasema, "Amebaki mifupa, na mwenyewe anajua."

Majembe mawili uliyoleta siku ya posa yanarudi kwako, yamo kwenye lori hilihili lililokuletea barua. Baba ameyafunga kamba mwenyewe. Hakutaka kijana yeyote amsaidie.

Umesema malaria, baada ya Pasaka. Nimelishika neno hilo wiki nzima kama rozari. Sasa siwezi hata kulishika.

Regina


Mpanda,
21 Julai 1996

Regina,

Majembe yamefika. Dereva aliyashusha mbele ya watu, yakalia kwenye sakafu ya ghala, na hakuna aliyefanya mzaha. Hata Yotham aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Nitakuandikia ukweli sasa, kwa kuwa sina tena cha kulinda.

Sijaugua malaria. Nina presha, ileile iliyomuua baba yangu. Mwezi wa pili daktari aliniambia nipunguze mwili. Nilianza kunyanyua vyuma kwa fundi mmoja, Malale, na makopo ya saruji, na ekseli ya trela. Nimekuwa nikijipima kila Jumamosi kwenye mizani ya tumbaku kama mwizi. Nilikuficha kwa sababu baba yako aliusifu mwili wangu, na niliona kwamba nikisema ni mgonjwa katika umri huu ataniona sifai. Basi nikaficha ugonjwa mdogo, nikaonekana nina mkubwa.

Masweta yalikuwa akili yangu mwenyewe. Hakuna aliyenishauri. Malale aliposikia alikaa juu ya tairi akacheka hadi akashika mbavu, kisha akasema, "Umemuua mtu aliye mzima ukamzika na nguo zake."

Lakini si yote. Kabla yako kulikuwa na Monika, Tabora. Amekufa. Sijui kwa nini amekufa, na kwa miaka miwili nimekaa bila kutaka kujua. Mimi ni mwoga, Regina. Ulikuja katika maisha yangu nikaendelea kutotaka kujua. Hata Krismasi.

Nimepima jana. Damu inapelekwa mbali, majibu yatachukua wiki kadhaa. Yakija nitakuandikia, yawe yoyote, kwa sababu una haki ya kujijua. Sikuombi uningoje. Sikuombi kitu.

Venansi


Karema,
1 Agosti 1996

Vena,

Nilisoma barua yako darasani watoto wakiwa mapumzikoni. Kwanza nilicheka. Makopo ya saruji! Nilicheka peke yangu hadi chaki ikaniponyoka. Kisha nikafunga mlango.

Unaandika kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakuogopa wewe. Hujawahi kuniuliza.

Kabla yako kulikuwa na Séverin, mfanyabiashara wa samaki kutoka ng'ambo ya ziwa. Angenioa. Alianza kukonda msimu mmoja, akarudi kwao, na aliyekuja kutuambia amefariki alisema walimbeba kwa mkeka kama mtoto. Baba anajua. Baba Mdogo anajua, ndiye aliyekuwa akimuuzia. Wewe hukuambiwa, kwa sababu ulipokuja na majembe yako na mwili wako Baba aliona Mungu ametuondolea jambo lile, na mimi nikaona vivyo hivyo, nikanyamaza. Hata Krismasi.

Halafu Baba Mdogo akarudi kutoka Mpanda akasema umeisha. Sasa unaelewa kwa nini nilitaka kujua kumeanza lini? Nilikuwa naomba useme kabla ya Krismasi. Nilikuwa naomba, Mungu anisamehe, uwe mgonjwa wa zamani, wa mtu mwingine. Ukasema baada ya Pasaka. Vena, nilidhani nimekuua. Nimefundisha hesabu za kujumlisha miezi miwili nikihofia hivyo.

Na Baba hakurudisha majembe kwa kukukataa. Siku alipoyafunga alimwambia Mama, nami nilikuwa nyuma ya ukuta, "Siwezi kula posa ya kijana aliyeuawa na nyumba yangu." Hajamtazama mtu usoni tangu siku hiyo. Mimi zaidi ya wote.

Nakuja na lori la Ijumaa ya wiki ijayo. Mwalimu Mkuu amenipa ruhusa; nilimwambia nina mgonjwa Mpanda. Sijui kama nimedanganya. Nitafikia kwa Mama Tereza. Nitatoa damu hapohapo ulipotoa wewe, na sitaondoka bila jibu.

Usinipokee na maneno mengi.

Regina


Mpanda,
31 Agosti 1996

Dada Christina,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Regina alikuja. Alishuka kwenye lori akiwa mweupe kwa vumbi, akasimama mbali kidogo akinitazama kuanzia viatu. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mifupi kwa sababu nilishachoka kujificha. Akasema, "Kumbe una mabega." Kisha akalia, palepale stendi, wapakiaji wakitutazama.

Nilimpeleka kwa Malale, alitaka kuviona hivyo vyuma. Malale alijifuta oili mikononi akamwambia, "Shemeji, huyu alikuwa amefukiwa. Sisi tumefukua tu." Regina akamuuliza, mbona hakuja mtu kumweleza baba yake. Malale akajibu, "Nani amsikilize fundi, na karani mwenyewe amevaa masweta?" Akamwinulia kopo moja ampe. Alilishika kwa mikono miwili, hakuliinua, akalirudisha chini taratibu kama kitu cha mtu mwingine.

Jioni ile nilijizungushia tena ile kamba niliyoifunga mafundo Juni, kama ulivyoagiza. Kiuno kimerudi nyuma, mkono umejaa, fundo halifiki. Nilimwonyesha kwa furaha. Akasema, "Nimeona. Lakini kamba haijui habari za Monika, wala Séverin." Hayo ni maneno yako, Dada, na hajawahi kukutana nawe zaidi ya siku ya posa. Nikaikunja kamba.

Kungoja sitakueleza. Majibu yangu yalikuja kabla ya yake nikakataa kuyachukua. Muuguzi alinikasirikia, akaniambia watu wanakuja hapa wakikimbia, wewe unaambiwa njoo unasema bado. Nilimwambia tupo wawili. Kila asubuhi nilipita kwa Mama Tereza, Regina alikuwa ameamka, amevaa, amekaa kwenye benchi la nje na mkoba mapajani, kama abiria.

Juzi tuliitwa. Yule muuguzi alifunga mlango, akasoma la Regina, akasoma langu. Akasema, "Hamna. Wote wawili hamna." Mimi sikuelewa. Nilidhani anasema majibu hayapo. Regina akamwambia, "Rudia, tafadhali, taratibu, huyu ni karani." Akarudia. Nilitafuta ukuta nikauegemea.

Palepale akanifunga ule mpira mkononi akanipima presha, nikacheka nikamwambia leo kipimo hakitakuwa cha haki. Imeshuka, Dada. Bado iko juu kidogo, dawa niendelee nazo, lakini imeshuka.

Leo ni Jumamosi. Nimepanda kwenye mizani mchana, wapagazi wakiwepo. Mshale umepanda kilo moja. Moyo ulinishtuka, sitakudanganya. Yotham akauliza, "Daraja gani?" Nikamwambia aandike anavyotaka.

Regina ameondoka na lori la asubuhi. Amebeba vile vikaratasi viwili ndani ya kitabu cha nyimbo. Hajui baba yake atasema nini, na mimi sijalala.

Mdogo wako,
Venansi


Karema,
8 Septemba 1996

Vena,

Nimefika. Nilimkuta Baba anatengeneza wavu. Nilikaa chini mbele yake nikamweleza yote, presha yako, vyuma, Monika, na damu yangu na yako. Vikaratasi hakuvishika. Alisema yeye hajui kusoma mambo ya hospitali, nimwambie kwa mdomo wangu. Nikamwambia, "Baba, mimi mzima. Na yeye mzima." Aliendelea na wavu kwa muda mrefu, halafu nikaona anafunga fundo lilelile mara ya pili na ya tatu.

Mwisho akanitazama. Uso kwa uso, Vena, mara ya kwanza tangu Julai.

Akasema huku Karema wewe ulishakufa. Kweli. Akina mama wa kwaya walishampelekea Mama unga wa msiba. Kuna waliokuombea misa. Na wanaponitazama mimi wananitazama kama shimo alimoanguka mtu. Baba anasema karatasi haiwezi kwenda nyumba kwa nyumba, na yeye hatazunguka akijieleza. Amesema hivi: "Mwambie aje. Lakini asije na lori la usiku. Aje mchana, siku ya gulio, ashukie juu kanisani, atembee kwa miguu hadi hapa."

Basi njoo hivyo. Nitakuwa nimesimama pale lori linaposimama, tutashuka pamoja kupita katikati ya gulio. Najua miguu yako, ukiogopa unakwenda upesi. Wakikutazama wewe, waache watazame. Wakinitazama mimi, usiharakishe.

Regina